Nimerithi ndege ya mzee: niitengeneze au niiuze?

SWALI

Kwa mshauri,

Mimi ni mkulima wa chai hapa Bomet, nina miaka 41, mke na watoto watatu. Majani yangu napeleka kiwanda cha chai cha Kapkoros. Baba yetu alifariki karibu miaka miwili iliyopita, akatuachia shamba, ng'ombe na ndege ya viti vinne, Cessna 172 ya mwaka 1974. Alikuwa akiirusha mwenyewe, na mimi alinilipia masomo katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, nikapata leseni ya rubani wa binafsi.

Tangu aondoke, ndege haijaruka. Iko nje kwenye kiwanja cha nyasi, tumeifunika turubai. Kila baada ya wiki mbili naiwasha dakika kumi ili injini isife. Cheti chake cha kuruka kimeisha muda. Injini imefanya saa 1,850 na mara ya mwisho kufunguliwa yote ilikuwa 2006. Kampuni moja ya matengenezo imenipa makadirio yanayozidi bonasi yangu ya chai ya miaka mitatu. Fundi mwingine anasema atakuja hapa hapa shambani, aisafishe, aniandikie karatasi, kwa robo ya bei hiyo. Rafiki yangu ananiambia nikope, kwa sababu uchaguzi wa 2027 ukikaribia nitabeba wanasiasa na pesa itarudi yote.

Mke wangu ni wa Sotik na hataki kuisikia hiyo ndege. Anasema anakumbuka 2008. Ndugu zangu nao wanasema kuiuza ni kumzika mzee mara ya pili. Nimekwama. Nifanye nini?

Mwana wa Rubani, Bomet

JIBU

Mwana wa Rubani, pole sana kwa msiba. Barua yako ina maswali manne yaliyochanganyika: usalama, pesa, sheria na heshima ya baba yenu. Ukiyajibu kwa mpigo utaendelea kukwama. Tuyatenganishe.

Nianze na yale yasiyohitaji kufikiriwa. Fundi wa robo bei, hapana. Abiria wa kulipa, hapana. Kuirusha jinsi ilivyo, hata kwa mzunguko mmoja tu wa kuona kama bado inapanda, hapana. Kuhusu kuitengeneza au kuiuza, usiamue wiki hii, kwa sababu bado hujui una kitu gani. Unajua umri wa ndege tu, na umri si ugonjwa. Kinachoua ndege ndogo katika nchi ya chai ni kukaa.

Cessna 172 zilianza kuuzwa mwaka 1956, na zaidi ya 44,000 zimetengenezwa. Hakuna ndege nyingine duniani iliyoundwa kwa wingi huo. Zipo zenye miaka 50 ambazo bado zinafundishia wanafunzi, zikipaa na kutua kutwa nzima. Zinaishi kwa sababu zinaruka, oili inazunguka, na kila zikifika saa 50 na saa 100 kuna mtu mwenye leseni anayezifungua na kuzitazama ndani. Ya kwenu imesimama karibu miaka miwili kwenye unyevu wa Bomet. Hilo ndilo la kukutia wasiwasi.

Kama injini ni ya aina iliyotoka nayo kiwandani, basi ni Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 150. Katika injini hiyo kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, imekaa juu, sehemu ambayo oili huishiwa mapema. Ndege ikisimama, oili huchuruzika ikashuka chini, na chuma kile kinabaki wazi kwa hewa yenye maji. Kutu huanza kama vidoa vidogo ambavyo ncha ya kalamu ingevifunika. Injini ikianza kufanya kazi kwa nguvu, vidoa vile humega chuma, chembe zake zikaingia kwenye oili na kusambaa kila mahali. Kwa nje hutaona lolote. Injini itawaka vizuri, itanguruma vizuri, na wewe utaridhika.

Ndiyo maana nakuomba uache leo zile dakika kumi za kila wiki mbili. Najua nia yako ni njema, na wengi hufanya hivyo. Lakini petroli ikiungua huzaa maji. Ndege ikiwa angani kwa muda wa kutosha, oili hupata moto na maji hayo hutoka kama mvuke. Ikinguruma ardhini kwa dakika kumi, oili haifiki joto hilo. Maji yanabaki ndani, yanachanganyika na masizi, na kutengeneza asidi inayokula chuma kile kile unachojaribu kukiokoa. Kama huwezi kuirusha, ni heri isiwashwe, na mhandisi aihifadhi kwa oili maalumu ya kuzuia kutu.

Turubai nalo liondolewe. Linafungia unyevu chini yake, na upepo ukivuma linasugua rangi na vioo. Isitoshe, halizuii adui mkubwa wa huko kwenu, yaani mvua ya mawe. Kericho na majirani zake huhesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Wazee wa mashamba makubwa watakumbuka kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1970 wakulima wa chai walilipia ndege ndogo ziruke Kericho, zikipanda iodidi ya fedha mawinguni ili kupunguza mawe hayo kabla hayajachana majani. Mawe yanayochana chai hubonyeza pia bati la mbawa, na bawa lililobonyea si suala la sura tu, kwa sababu umbo lake ndilo linalobeba ndege. Ndege yenye thamani hailali nje Kericho wala Bomet. Kama hamna banda, mahali pake si hapo.

Sasa huyo fundi. Usimpime kwa bei, mpime kwa maswali mawili: ana leseni ya uhandisi wa ndege inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kwa aina hiyo ya ndege? Na yuko chini ya kampuni ya matengenezo iliyoidhinishwa na mamlaka hiyo hiyo? Kama jibu ni hapana, karatasi anayotaka kukuandikia haina thamani, na siku ya ajali kampuni ya bima itaanza kwa kuuliza cheti. Mtu anayeahidi karatasi kabla hajaiona ndege anakuuzia saini tu, na saini haiwezi kukushikilia hewani.

Nikupe mfano wa kitu kidogo ambacho ukaguzi wa kweli hukitazama. Kaa kwenye kiti cha rubani, kisha tazama chini, kwenye reli mbili ambazo kiti hutelezea. Zina matundu, na kuna pini inayoingia tunduni ili kiti kisisogee. Miaka mingi ya kuvuta kiti mbele na nyuma huyachakaza matundu yale. Yaliyokuwa ya duara yanakuwa marefu, na pini haishiki tena barabara. Ndege inapopaa imeinua pua, kiti kinafyatuka na kurudi nyuma, na rubani, kwa kutafuta cha kushikilia, anauvuta usukani. Watu wamekufa hivyo. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo kwamba reli na pini za viti vya Cessna zikaguliwe mara kwa mara. Kazi hiyo inahitaji tochi, kipimo na mtu asiye na haraka. Huyo fundi wako wa kusafisha na kuandika hatapiga magoti kutazama reli.

Hapo ndipo daftari za ndege zinapokuwa na thamani kuliko rangi yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tafuteni daftari zote za mzee, ya mwili wa ndege, ya injini na ya rafadha, tangu ndege iliposajiliwa. Kila agizo la usalama lililowahi kutolewa kwa ndege hiyo liwe na mstari unaoonyesha lilitekelezwa lini na nani. Daftari zikikosekana, bei ya ndege inashuka sana, na mhandisi atalazimika kurudia kazi ambayo huenda baba yako alikwisha kuilipia.

Tuje kwenye pesa. Umeniambia saa 1,850, na naona kama unajipa moyo kwamba zimebaki 150. Mtengenezaji wa injini hiyo anapendekeza ifunguliwe yote ikifika saa 2,000 au miaka 12, kutegemea kipi kinatangulia. Tangu 2006 miaka 12 iliisha 2018. Kwa kalenda, injini yako imepitiliza zamani. Makadirio uliyopewa basi si lazima yawe ya wizi; yawezekana kampuni ile imekuambia ukweli mchungu.

Gharama za ndege ni za aina mbili, na wanaoingia hasara huhesabu moja tu. Ya kwanza hulipwa hata kama ndege haijasogea: banda, bima, ukaguzi wa kila mwaka, ada za cheti. Ya pili huja kwa kila saa ya kuruka: petroli ya ndege, ambayo 172 hunywa lita 30 au zaidi kwa saa, oili, matairi, na akiba ya injini. Akiba hiyo ndiyo husahauliwa. Chukua bei ya kuifungua injini, igawe kwa 2,000, na kila saa unayoruka weka kiasi hicho kwenye akaunti ambayo huigusi kwa karo wala kwa mbolea. Aliyefanya hivyo tangu mwanzo hashtuki siku ya makadirio. Asiyefanya hujikuta anaitazama bonasi ya Oktoba, pesa ya watoto wake, kama ndiyo dawa.

Jiulize kwa uaminifu: utaruka saa ngapi kwa mwaka? Kama ni 20 au 30, kukodi ndege ya shule ya urubani Wilson kutakugharimu kidogo kuliko kumiliki, na matengenezo yatakuwa jukumu la wenyewe. Kama ni zaidi, usiibebe peke yako. Ndege moja inatosha wamiliki wanne kwa raha. Gharama zile za aina ya kwanza zinagawanywa kwa nne, na ndege yenyewe inaruka mara nne zaidi, jambo ambalo injini inalihitaji kuliko kitu kingine. Klabu ya Aero ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1927, iko hapo hapo Wilson. Ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta wenzako. Andikeni mkataba kwa wakili: nani ataruka lini, nani analipa nini, na anayetaka kujitoa atajitoaje.

Kuhusu wanasiasa, rafiki yako anakupeleka pabaya. Leseni yako ni ya rubani wa binafsi. Hairuhusu kulipwa kwa kubeba watu. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya biashara ya usafiri wa anga, cheti cha uendeshaji kutoka KCAA, na rubani mwenye leseni ya biashara. Kuyaita malipo mchango wa mafuta hakubadilishi kitu. Na mwanasiasa wa kampeni ni abiria mgumu kuliko wote: ana mikutano mitano, amechelewa, anataka uondoke hata wingu likiwa jeusi. Rubani mwenye mkopo wa benki hana nguvu ya kumwambia hapana.

Hata bila malipo, ndege hiyo haiwezi kubeba watu wanne kutoka kwenu. Chukua kiwanja kilicho futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, siku yenye joto la nyuzi 24. Kwa kimo hicho, joto la kawaida linalotumiwa katika hesabu za ndege ni nyuzi 1 tu. Tofauti hiyo ya nyuzi 23 huifanya hewa kuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 9,700. Injini ya farasi 150 hapo hutoa kama farasi 107. Kiwanja kile kile kinakuwa kifupi, nyasi mbichi zinavuta magurudumu, na miti ya mikaratusi iliyo mwisho wa shamba iko pale pale. Ongeza hewa ya ubaridi yenye maji, ambayo hugandisha barafu ndani ya kabureta hata siku isiyo na baridi kali. Marubani wenye busara wa huko huondoka asubuhi, watu wawili, mizigo michache, na saa za mchana wanapoona mawingu yanapanda upande wa Ziwa Victoria huwa wameshafunga ndege.

Sasa mkeo. Tarehe 10 Juni 2008, Cessna 210 iliyotoka Wilson kuelekea Kericho ilianguka Enoosupukia, Narok. Ilimchukua Kipkalya Kones, waziri wa barabara na mbunge wa Bomet. Ikamchukua Lorna Laboso, waziri msaidizi na mbunge wa Sotik. Ikamchukua rubani na afisa wa usalama. Walikuwa wakienda kwenye uchaguzi mdogo wa Ainamoi uliopangwa kesho yake. Kwa siku moja Bomet na Sotik zilibaki bila wabunge wao. Ndege ile ilikuwa na injini yenye nguvu karibu mara mbili ya hiyo yenu, na njia yake, kuvuka Bonde la Ufa na kupanda miinuko ya Mau, ndiyo njia utakayopita wewe ukienda Wilson. Mama watoto wako anaogopa jambo lililotokea kwao, kwa watu aliowajua kwa majina. Usimjibu kwa takwimu za usalama wa ndege duniani. Mketishe, umweleze mipaka utakayojiwekea, na umpe haki ya kukushikilia nayo: hutaruka mpaka ndege ipate cheti, hutaruka mpaka upande upya na mwalimu hadi mwalimu mwenyewe aridhike, hutavuka Mau mchana wenye mawingu, hutachukua shilingi ya abiria, hutagusa karo. Ukiona huwezi kumpa hata moja kati ya ahadi hizo, basi yeye ndiye mwenye haki.

Kuna jambo la sheria ambalo hukulitaja. Ndege bado iko kwa jina la marehemu? Kama ndivyo, huna mamlaka ya kuiuza, kuikopea wala kuwaingiza wabia. Sheria ya Urithi ya Kenya inakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na ndege ni mali kama shamba. Nendeni mahakamani Kericho au Bomet, mpate hati ya usimamizi wa mirathi, ndege iorodheshwe pamoja na mali nyingine, kisha umiliki uhamishwe kwenye sajili ya KCAA. Hapo pia ndugu zako wataona wazi kwamba ndege ni ya wote, na gharama zake ni za wote. Anayesema isiuzwe aseme pia atachangia kiasi gani, na aandike.

Baada ya hapo, fuata utaratibu huu. Lipa ukaguzi peke yake kwanza, usilipe matengenezo. Mhandisi mwenye leseni aje na kamera ndogo ya kuchungulia ndani ya silinda, apime mgandamizo, afungue sehemu ya kumwezesha kuiona kamshafti, na atafute kutu kwenye viungio vya mbawa na chini ya sakafu. Atoe pia maji yaliyoingia kwenye tangi kupitia mipira ya vifuniko iliyozeeka. Matokeo yakiwa mazuri, KCAA inaweza kutoa kibali maalumu cha safari moja hadi Wilson, na aendeshe rubani mwenye uzoefu mkubwa, si wewe. Mhandisi akiwa na shaka yoyote, mbawa zifunguliwe na ndege ipande lori. Hakuna aibu katika hilo, na Mau haitakuwa chini yake.

Kisha weka tarehe, tuseme miezi sita tangu ripoti ya mhandisi. Ukipata wabia watatu wenye pesa mkononi, banda lenye paa, na akaunti ya akiba ya injini, itengenezeni na mruke. Tarehe ikifika bila hayo matatu, iuzeni kwa anayeweza kuitunza, iwe shule ya urubani au mwenye ndege kama hiyo, pamoja na daftari zake zote.

Waambie ndugu zako hivi kutoka kwangu: mzee wenu aliitunza ndege ile ipae. Anayeiacha ioze chini ya turubai ndiye anayeivunjia kazi yake heshima, na anayeiuza ikiwa hai, ikaendelea kuruka mikononi mwa mwingine, ameitunza. Baba yenu alikulipia masomo ya urubani. Leseni hiyo hakuna atakayeiuza. Ihuishe, hata kama ni kwa ndege ya kukodi. Na wewe msomaji mwingine ambaye una ndege iliyolala nje huko Kericho, Sotik au Litein, mpigie mhandisi wako kabla mvua hazijaanza.